Barua ya kazini inapokataa kutoka kwa anwani ya pili

Una akaunti ya kazini, tuseme jina@kampuni.example. Juu yake umepewa anwani nyingine: msaada@kampuni.example ya dawati la wateja, au mauzo@bidhaa.example kwa sababu kampuni ina kikoa cha pili (kikoa ni sehemu inayofuata alama ya @). Unabadilisha anwani ya mtumaji, unabofya kitufe cha kutuma, na barua inagoma. Au inaenda, lakini inafika ikiwa na ile anwani ya zamani. Au inazama kwenye folda ya taka ya mteja na huambiwi lolote.

Kabla ya kubadilisha mpangilio wowote, fahamu kwamba kila barua inayotoka hubeba majina matatu ya mtumaji. La kwanza ni akaunti unayoingilia kwenye seva, ile yenye nenosiri. La pili liko kwenye bahasha: programu yako hulitaja kwa amri ya MAIL FROM kabla maandishi ya barua hayajaanza kwenda, na msomaji halioni. La tatu ni lile la mstari wa From ndani ya barua yenyewe, ambalo ndilo msomaji hulisoma. Ukitumia anwani moja tu, yote matatu hufanana na hakuna anayejua kwamba yapo. Ukiongeza anwani ya pili yanaanza kuachana, na kila seva njiani ina sheria yake kuhusu lipi lazima lilingane na lipi. Hitilafu nyingi zilizoelezwa hapa chini, ukizifuatilia hadi mwisho, zinatoka hapo.

Kwanza: nani amekataa?

Hili ndilo swali ambalo watu huliruka. Wanafuta akaunti, wanaiweka upya, wanabadilisha nenosiri, ilhali aliyekataa ni seva ya mpokeaji ambayo haijui chochote kuhusu nenosiri lako.

Kosa likitokea papo hapo na barua ikabaki kwenye kikasha cha zinazosubiri kutumwa, tatizo liko kati yako na seva ya kampuni. Programu ikidai imetuma, kisha baadaye ukaletewa taarifa kutoka kwa postmaster au mailer-daemon (majina ambayo seva hutumia kuandika taarifa zake), basi seva ya kampuni iliipokea barua na kuna seva nyingine mbele yake iliyoikataa. Lakini usikimbilie hitimisho: Exchange, mfumo wa seva za barua wa Microsoft, hupenda kuipokea barua kwanza, kisha yenyewe ndiyo inayoikataa na kukurudishia taarifa. Kwa hiyo isome taarifa hadi chini. Seva zinazotumia Postfix, programu nyingine ya seva za barua, huandika wazi jina la seva iliyokataa, likifuatiwa na neno said na maneno yake. Kwingine tafuta mistari ya Reporting-MTA na Remote-MTA. Ya kwanza ni seva iliyoandika taarifa, ya pili ni ile ya mbali iliyotoa jibu.

Kisha tazama tarakimu za msimbo wa jibu. Jibu linaloanza na 4 ni la muda, seva itajaribu tena yenyewe. Postfix kwa mpangilio wake wa kawaida huendelea kujaribu hadi siku 5. Linaloanza na 5 ni la mwisho, na kubofya tena hakusaidii. Ukiona kundi la pili la tarakimu lina 7 katikati, kama 5.7.1 au 5.7.60, ni suala la usalama au ruhusa. Nakili mstari mzima, usinakili "imekataa" tu. Picha ya skrini iliyokatwa katikati ya msimbo haina faida kwa mtu yeyote.

Programu inazunguka tu, haiunganishi

Hapa anwani yako ya pili haijahusika bado. Chanzo cha kawaida ni poti, yaani namba ya mlango wa seva ambao programu inapitia. Poti 25 ni ya seva kuzungumza na seva nyingine, na watoa huduma wengi wa intaneti huifunga kwa wateja wao. Mtumiaji hupita poti 587, ambayo huanza wazi kisha hugeuka kuwa ya siri kwa STARTTLS, au 465, ambayo ni ya siri tangu mwanzo. RFC 8314, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2018, inapendekeza hii ya pili. Ukichanganya, yaani ukaweka 465 na kuchagua STARTTLS, kila upande unamsubiri mwenzake aanze kuzungumza, na wewe unaona duara likizunguka mpaka muda unakwisha.

Inaunganisha ukiwa ofisini lakini nyumbani haiunganishi? Ama seva inakubali mtandao wa ndani pekee na unahitaji VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali), ama mtandao uliopo umefunga poti.

Onyo la cheti, hati inayothibitisha jina la seva, huwapata zaidi wenye kikoa cha pili. Umeandika mail.bidhaa.example kama jina la seva kwa sababu anwani yako ni ya bidhaa.example, lakini cheti kimetolewa kwa mail.kampuni.example. Seva ni ile ile, jina ndilo silo. Andika jina lililo kwenye cheti. Jina la seva halilazimiki kufanana na kikoa cha anwani unayotumia, na kulikubali onyo "kwa leo tu" ni njia ya kumzoesha mtu kulipuuza siku litakapokuwa la kweli.

535: jina au nenosiri halikubaliki

Mara nyingi mtu amejaribu kuingia kwa anwani ya pili. Kama msaada@ ni lakabu tu, yaani jina la ziada la akaunti yako, haina nenosiri lake. Jina la kuingilia linabaki jina@kampuni.example na nenosiri lake lile lile, kisha anwani ya pili inawekwa kwenye sehemu ya mtumaji peke yake. Programu nyingi hukuchanganya hapa kwa sababu ukiongeza anwani mpya hujaza jina la kuingilia kwa kunakili anwani uliyoandika. Lifute, andika la akaunti kuu.

Kisanduku cha pamoja, kinachotumiwa na watu kadhaa, cha Microsoft 365 (huduma inayotumia Exchange) kiko vivyo hivyo: hakikukusudiwa kuingiliwa moja kwa moja, unaingia kama wewe mwenyewe na kutuma kwa ruhusa uliyopewa.

Kama jina ni sahihi, angalia kama seva inataka anwani nzima au sehemu iliyo kabla ya alama ya @ tu. Kama akaunti ina uthibitishaji wa hatua mbili, nenosiri la kawaida halitapita kwenye programu zisizojua kufungua ukurasa wa kuingia. Google hutoa nenosiri la programu lenye herufi 16 kwa kazi hiyo, mradi msimamizi hajalizuia. Kwa Microsoft 365, ukiona 535 5.7.139 na maneno SmtpClientAuthentication is disabled, acha kubadilisha nenosiri. Njia hiyo ya kutuma imezimwa na msimamizi, kwa shirika zima au kwa kisanduku chako, na yeye ndiye wa kuifungua.

Relay access denied, au Unable to relay

Maneno haya huwatisha watu kuliko inavyostahili. Relay ni kuipitisha barua kwenda seva nyingine. Maana yake: "Sikujui, na unayemwandikia si wa hapa." Seva ya Postfix husema 554 5.7.1 Relay access denied, Exchange husema 550 5.7.54. Karibu kila mara programu haijaingia kwa jina na nenosiri kabla ya kutuma. Dalili inayothibitisha hilo ni kwamba barua kwa wenzako wa kampuni hiyo hiyo zinafika, za nje ndizo zinazokataliwa. Nenda kwenye mpangilio wa seva ya kutuma, washa uthibitishaji, hakikisha poti si 25. Katika Outlook ya kompyuta za Windows chaguo hili liko mbali na lile la seva ya kupokea, na ukiweka akaunti ya IMAP (njia ya kusoma barua zilizo kwenye seva) kwa mkono ni rahisi kulipita bila kuliona.

Umeingia vizuri, lakini seva haikuruhusu kutumia anwani hiyo

Hapa ndipo kiini cha suala zima. Seva inakujua, nenosiri ni sahihi, ila inakuuliza: anwani hii umeipata wapi?

Kwenye Postfix ujumbe ni 553 5.7.1 Sender address rejected: not owned by user, ukifuatiwa na jina lako la kuingilia. Msimamizi ameweka orodha inayosema akaunti ipi inaruhusiwa kutumia anwani zipi, katika smtpd_sender_login_maps, na anwani yako haimo. Hakuna unachoweza kufanya upande wako. Mwombe aongeze mstari mmoja. Ila zingatia kuwa ukaguzi huo unatazama anwani ya bahasha. Ndiyo maana unaweza kukuta programu moja inapita na nyingine inakataliwa, hali zote mbili zinaonyesha From ile ile: moja inaweka akaunti kuu kwenye bahasha, nyingine inaweka anwani ya pili.

Ujumbe ukiishia na not logged in badala ya not owned, hujaingia kabisa. Rudi kwenye sehemu ya relay hapo juu.

Kwenye Exchange ujumbe ni 550 5.7.60, Client does not have permissions to send as this sender, au 5.2.252 wenye neno SendAsDenied. Inayohitajika ni ruhusa ya Send As kwenye kisanduku au kikundi hicho. Ruhusa ya kufungua kisanduku na kusoma, Full Access, haikupi haki ya kutuma kwa jina lake. Watu hupewa moja wakadhani wamepewa zote, na msimamizi naye anaapa kwamba "umeshapewa ruhusa". Wote wawili wanasema kweli.

Ruhusa ikishatolewa haifiki papo hapo. Subiri saa moja hivi kabla ya kulalamika tena. Na kama unatumia Outlook ya kompyuta, usiandike anwani ya mtumaji kutoka kwenye mapendekezo yanayojitokeza ukianza kuandika. Pendekezo hilo huenda lilihifadhiwa zamani na kubeba kitambulisho kilichokufa, na utaendelea kukataliwa hata baada ya ruhusa kukamilika. Lifute, kisha chagua anwani kutoka kwenye orodha ya anwani za kampuni.

Barua inafika, lakini ikiwa na anwani ya zamani

Hakuna kosa, hakuna taarifa. Mteja anakujibu kwenye jina@ wakati ulituma kama msaada@. Seva imekubadilishia mstari wa From kimyakimya.

SMTP ya Gmail, yaani seva yake ya kutumia barua, hufanya hivyo kwa anwani yoyote ambayo hujaithibitisha kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya kutuma barua kama mtu mwingine. Ithibitishe hapo kwanza, hata kama unatuma kwa programu nyingine kabisa. Microsoft 365 nayo hurudisha anwani kuu ukitumia lakabu, mpaka msimamizi awashe mpangilio wa SendFromAliasEnabled kwa shirika zima. Wasimamizi wengi hawajui kama upo, kwa hiyo umtajie kwa jina.

Lakini usiilaumu seva kabla ya kutazama programu. Thunderbird, kwa mfano, ni programu ya barua inayochagua utambulisho (jina na anwani ya mtumaji) wa kujibia kwa kulinganisha anwani ambayo barua ililetewa. Kama barua ilikufikia kwa nakala ya siri au kupitia kikundi, hurudi kwenye utambulisho mkuu. Fungua folda ya zilizotumwa, utazame chanzo cha barua, yaani maandishi yake ghafi pamoja na vichwa vyake (mistari ya juu kama From). Kama From tayari ni ile ya zamani, programu ndiyo iliyoiweka. Kama ni mpya pale na ni ya zamani kwa mpokeaji, ni seva.

"Kwa niaba ya"

Mpokeaji anaona jina lako likifuatiwa na "kwa niaba ya msaada@". Kwenye Exchange hiyo ndiyo kazi ya ruhusa ya Send on Behalf, ambayo ni tofauti na Send As. Ukiwa na zote mbili, Send As ndiyo inayoshika. Kwenye Gmail chanzo ni kingine: ulipoongeza anwani ya pili uliacha Gmail itumie kupitia seva zake, basi ikaongeza mstari wa Sender wenye anwani yako ya Gmail, na Outlook ya mpokeaji inauonyesha. Dawa ni kuhariri anwani hiyo na kuipa seva ya SMTP ya kampuni.

Inakwenda, kisha inaingia kwenye taka au inakataliwa ng'ambo

Sasa tumetoka kwenye himaya ya kampuni yako, na hapa sheria zimekazwa sana miaka ya karibuni. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo hudai kila mtumaji awe na uthibitisho wa kikoa, na wanaotuma barua nyingi, kwa Gmail zaidi ya 5,000 kwa siku, wawe na SPF, DKIM na DMARC zote tatu.

SPF ni rekodi ya DNS (orodha ya umma ya taarifa za vikoa) inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa kikoa fulani, na inatazama kikoa cha bahasha. DKIM ni saini ambayo seva inaweka kwenye barua, ikitaja kikoa katika d=. DMARC inauliza swali moja juu ya hizo mbili: je, angalau moja imepita, na je, kikoa chake kinalingana na kile ambacho msomaji anakiona kwenye From?

Swali hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wenye anwani mbili. Seva inaweka jina@kampuni.example kwenye bahasha. SPF inapita, kwa kampuni.example. Inatia saini; DKIM inapita, kwa kampuni.example. Lakini From inasema mauzo@bidhaa.example. SPF imepita, DKIM imepita, DMARC imeanguka. Msimamizi anatazama mbili za kwanza, anakuambia kila kitu kiko sawa, na barua zako zinaendelea kuliwa.

Ili ujue, jitumie barua kwenye akaunti ya nje, fungua chanzo chake na utafute mstari wa Authentication-Results. Utaona vipande kama hivi:

spf=pass smtp.mailfrom=kampuni.example
dkim=pass header.d=kampuni.example
dmarc=fail header.from=bidhaa.example

Linganisha vikoa vitatu vilivyo upande wa kulia. Dawa imara ni seva itie saini ya DKIM kwa bidhaa.example yenyewe kila barua inapotoka na kikoa hicho. Kuongeza seva ya kampuni kwenye SPF ya bidhaa.example kunasaidia tu kama bahasha nayo ina kikoa hicho. Kikoa kidogo hakina shida: kwa mpangilio wa kawaida wa DMARC, barua.kampuni.example na kampuni.example huhesabiwa kuwa kitu kimoja.

Ukifika kwenye rekodi ya SPF yenyewe, hakikisha iko moja tu. Mbili kwenye kikoa kimoja huharibu zote. Pia isizidi maulizo 10 ya DNS. Kampuni zinazoongeza huduma moja baada ya nyingine hupita kikomo hicho bila kujua, kisha barua zilizokuwa zikifika zinaanza kuanguka bila mtu kugusa barua pepe.

Kuna wanaotaka kutuma kwa anwani yao binafsi ya bure kupitia seva ya kampuni. Achana na wazo hilo. Yahoo iliweka DMARC yake kwenye kukataa tangu Aprili 2014, kwa hiyo barua ya @yahoo.com inayotoka kwenye seva ya kampuni yako itatupwa na mpokeaji yeyote anayefuata sheria. Weka anwani ya kazini kwenye From na ile nyingine kwenye Reply-To. Ni dawa ile ile ya fomu za mawasiliano za tovuti zinazoandika anwani ya mgeni kwenye From, na za mashine za kuskani zinazotuma kwa jina la aliyebonyeza kitufe.

Chanzo kingine ambacho hakionekani haraka: programu iliyotumia seva nyingine bila kukuuliza. Programu ya Mail ya iPhone inaweza kuwa na seva za ziada za kutumia ile kuu ikishindwa. Mtandao ukiyumba, barua ya kampuni inatoka kwa seva ya akaunti yako binafsi. Ukiona barua moja kati ya nyingi inaanguka, na huoni mpangilio wowote, soma kwenye chanzo chake mistari ya Received, ambayo kila seva iliyoipitisha huiandika, uone ilianzia wapi. Kisha zima seva hizo za ziada.

Mpokeaji akijibu 450 4.1.8 Domain not found, kikoa cha anwani yako hakionekani kwenye DNS. Kagua tahajia kwanza. Herufi moja iliyokosewa kwenye sehemu ya mtumaji hufanya hivyo.

Majibu yanapotea

Majibu hufuata Reply-To ikiwepo, la sivyo From. Taarifa za kushindwa kufika hufuata bahasha, na ndiyo unayoiona kwa mpokeaji kama Return-Path. Kwa hiyo anwani ya pili ambayo haina kisanduku, au inayoelekezwa kwa mtu aliyeacha kazi, itameza taarifa zote na wewe utadhani kila barua imefika. Iandikie barua kutoka nje kabla ya kuanza kuitumia.

Nakala za zilizotumwa nazo: kwenye kisanduku cha pamoja cha Exchange, kwa kawaida hubaki kwenye folda yako, hivyo wenzako wa dawati hawajui kwamba umeshajibu. Mpangilio wa MessageCopyForSentAsEnabled, ambao msimamizi huuwasha, ndio unaoweka nakala kwenye kisanduku cha pamoja pia.

Unapomwandikia msimamizi

Kama unaweza kutumia laini ya amri, jaribio hili la swaks, zana ya kujaribia seva za barua, linaondoa programu yako kwenye mashaka:

swaks --server mail.kampuni.example --port 587 --tls --auth-user jina@kampuni.example --from jina@kampuni.example --h-From msaada@kampuni.example --to anwani-yako-ya-nje

Hapa --from ni bahasha na --h-From ni kile msomaji anachokiona. Badilisha moja baada ya nyingine uone ni ipi inayoamsha kosa. Nenosiri litaulizwa; usiliandike kwenye amri, hubaki kwenye historia.

Usipoweza, mpe mambo haya kwa barua moja: akaunti uliyoingilia, anwani uliyotaka ionekane, mpokeaji mmoja aliyeshindwa kufikiwa, saa kamili pamoja na saa za eneo lako, na mstari wa kosa neno kwa neno. Kama barua ilifika lakini vibaya, ambatisha barua yenyewe kama faili. Usimtumie kwa kuielekeza mbele, kwa sababu ukifanya hivyo vichwa vyake vyote vya awali vinabaki nyuma na anabaki hana cha kusoma.